Masharubu ya Bandia: Mapitio ya Filamu ya Gol Maal

Kijiweni kwetu umezuka ubishi ambao haujaisha mpaka leo, na kwa kuwa mimi ndiye niliyeuanzisha, nimeona bora niulete hapa tuuamue wengi. Ubishi wenyewe unahusu picha la Kihindi la kuchekesha liitwalo Gol Maal. Ni la zamani, la mwaka 1979, na wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Msilichanganye na zile Golmaal za Rohit Shetty zilizoanza mwaka 2006. Zile ni nyingine kabisa, zimefanana jina tu.

Mimi nililipata kwenye flashi ya jirani yetu hapa Tandika, mzee mmoja aliyemalizia ujana wake katika majumba ya sinema ya Dar es Salaam: Empire, Avalon, Odeon. Enzi hizo, anasema, watu walipanga foleni kwa ajili ya picha la Kihindi na neno la Kihindi walilolijua ni "pyar" peke yake. Alinikabidhi flashi akaniambia, "Mwanangu, wewe si unajidai mwandishi? Tazama hii, kisha uje uniambie mwongo ni nani."

Mara ya kwanza nilicheka mpaka mama mdogo akaja kunigongea mlango. Mara ya pili nilicheka kiasi. Mara ya tatu nilikuwa na kalamu mkononi, nikisoma maandishi ya Kiingereza chini ya kioo mstari kwa mstari, na sikucheka sana, maana nilishaanza kumwona humo mtu ninayemfahamu.

Washikaji niliowaonyesha nao walivunjika mbavu. Lakini lilipokwisha tu, kesi ikaanza. Mmoja akasema: hili picha linafundisha vijana uongo. Mwongo anapata kazi, anapata mshahara mnono, mwisho anapewa na binti wa bosi. Dhamira potofu! Mwingine akadakia kwamba huu ni mchezo wa kupotezea muda, mwandishi wa kweli hana la kujifunza humo. Sisi tuliosoma fasihi ya sekondari tuna ugonjwa huo. Kazi yoyote ikipita mbele yetu tunaikamata na kuipekua: ujumbe uko wapi? Tukikuta haina, tunaihukumu. Nami naomba niitetee kazi hii, halafu nikishamaliza kuitetea niishitaki kwa kosa jingine ambalo washikaji hawakuliona.

Kwa ambao hawajaitazama, hadithi ni hii. Ramprasad Sharma ni kijana wa Bombay, jiji ambalo tangu mwaka 1995 linaitwa Mumbai. Amefuzu uhasibu juzijuzi, na anaishi na mdogo wake wa kike, Ratna. Anapenda mpira wa magongo, anapenda kuimba, kazi hana. Daktari Kedar, mtu mzima anayewaangalia kama mjomba, anamtonya kwamba kuna nafasi kwa tajiri mmoja aitwaye Bhavani Shankar. Ila tajiri huyo ana vituko vyake. Kwake yeye mwanamume asiye na masharubu hana tabia. Kijana anayeshabikia michezo ni mhuni. Anayelifupisha jina alilopewa na wazazi wake amewakosea adabu. Na anayekuja na kimemo kutoka kwa mtu anatimuliwa hapohapo.

Basi Ram anajitengeneza. Anakwenda kwa rafiki yake mwigizaji kuazima kurta, ile kanzu fupi ya Kihindi, ya mtindo wa kizee. Masharubu anayo. Jina analitaja lote, refu, pamoja na la baba. Akiulizwa habari za michezo anakodoa macho kama mtu aliyeulizwa habari za mwezini. Anapata kazi. Siku moja anaomba ruhusa kwa kisingizio cha mama kuugua, mama ambaye alishafariki, kumbe anakwenda uwanjani kutazama mpira wa magongo. Bosi naye yuko uwanjani! Kesho yake ofisini, Ram amebanwa kwenye kona, linamtoka la kumtoka: yule uliyemwona si mimi, ni pacha wangu, Lakshmanprasad, tunamwita Lucky, hana masharubu, hana kazi, mhuni tu.

Na bosi anaamini. Tena anamwonea huruma huyo mhuni, anataka kumrekebisha, anampa kibarua cha kumfundisha muziki binti yake, Urmila. Sasa Ram inabidi anyoe masharubu ya kweli ili awe Lucky, na abandike ya bandia akirudi kuwa Ram. Bosi anataka kumwona mama mgonjwa, mama inabidi atafutwe. Anapatikana mama mmoja wa kitajiri mwenye huruma, Bibi Srivastava, anakubali kuigiza. Bosi anakutana naye kwenye tafrija akiwa katika hali yake halisi. Mama wa watu anabanwa, naye anazua pacha wake! Binti anampenda Lucky, baba anataka aolewe na Ram. Huko mbele mtatazama wenyewe.

Sasa nianze utetezi.

Kwanza tazameni uongo huo ulivyoshonwa. Ram hakuamka asubuhi akaamua kuwa tapeli. Kila kipande cha uongo wake kimekatwa kwa kipimo cha bosi mwenyewe. Bosi ametaka masharubu, Ram kaleta masharubu. Bosi ametaka kijana asiyejua mpira, Ram kamletea. Hata ile kurta iliyomfika juu kwa kuwa si saizi yake, anaigeuza kuwa sifa: ni kubana matumizi ya kitambaa. Bosi anafurahi kwelikweli, maana ameyasikia mawazo yake mwenyewe yakirudi kwake kwa sauti ya mtu mwingine. Hapa mtaani tunaita kuzuga. Lakini tukisema fulani kamzuga fulani, huwa tunamtazama mzugaji tu. Mwelekezi wa picha hili, Hrishikesh Mukherjee, ametuambia tumtazame pia aliyezugwa, kwa sababu ndiye aliyetoa oda.

Pili, uchaguzi wa mwigizaji. Mwaka 1979 sinema ya Kihindi ilikuwa mikononi mwa Amitabh Bachchan, kijana mwenye hasira, wa Deewaar na Sholay, zote za 1975. Mwaka mmoja kabla ya Gol Maal, Amitabh alitoka na Don, ambamo mtu wa kawaida anachukua nafasi ya jambazi aliyekufa. Huo nao ni uhai wa sura mbili, ila una bastola ndani yake. Mukherjee akamchukua Amol Palekar, mtu ambaye kabla ya sinema alikuwa karani wa benki, na hata akiwa kwenye picha bado anaonekana kama anaweza kukuhesabia noti zako bila kukosea. Hana kifua, hana ngumi. Silaha yake ni masharubu na woga. Tena kuna wimbo mmoja humo wa ndoto, ambamo Ram anajiona amekuwa supastaa, na Amitabh mwenyewe anapita kama mtu aliyekosa kazi. Nilipoona pale nilisimamisha picha nikarudia. Ni utani, lakini ndani yake kuna dai: mtu wa kawaida naye anastahili picha zima. Palekar alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora kwa kazi hii, na sioni kwamba alipendelewa. Kumtofautisha Ram na Lucky hakutegemea masharubu peke yake. Ram anasimama kama mtu aliyeshonewa kola ya mbao. Lucky anaegemea kila kitu, ukuta, meza, hata maneno yake yanaegemea.

Tatu, bosi mwenyewe. Utpal Dutt aliyemwigiza Bhavani Shankar alikuwa mtu wa jukwaa kutoka Calcutta, mwandishi na mwelekezi wa tamthilia za mrengo wa kushoto, na mwaka 1965 serikali ilimweka kizuizini. Yaani aliyekabidhiwa kazi ya kuigiza tajiri ni mtu aliyetumia maisha yake kuwapinga matajiri. Mwingine angemchora bosi kama zimwi. Yeye kamchora kama mtu mzuri. Bhavani Shankar anampenda Ram kwa dhati, anamhurumia Lucky kwa dhati, anamheshimu yule mama wa bandia mpaka unamwonea huruma. Na hapo ndipo penye sumu. Mtu mbaya ungemdanganya ukalala usingizi. Huyu ukimdanganya unapata kazi ya kumtazama machoni kila siku.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niandike. Mwishoni uongo unafumuka, bosi anagundua kwamba masharubu ya Ram ni ya kubandika. Mbele yake kuna maelezo mawili. La kwanza, jepesi, ambalo hata mtoto angelisema: Ram na Lucky ni mtu mmoja, na mimi nimedanganywa muda wote huu. La pili: Lucky amemuua ndugu yake Ram, akavaa masharubu ili achukue nafasi yake. Bhavani Shankar anachagua la pili! Anaona bora pawe na maiti kuliko yeye awe amekosea kuhusu masharubu. Anaanza kumfukuza muuaji wa mtu ambaye hajawahi kuwepo.

Nyote mnaijua ile hekaya ya Abunuwasi na sufuria. Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha na kasufuria kadogo ndani, akasema imezaa. Jirani akapokea, akanyamaza. Akaazima tena, safari hii akarudi na habari za msiba: sufuria imekufa. Jirani akapandwa na hasira, sufuria inakufaje? Akaambiwa, ulipokubali kwamba imezaa hukuuliza inazaaje. Bhavani Shankar ni yule jirani. Alikubali kwamba tabia ya mtu inaota chini ya pua kwa sababu imani hiyo ilimnufaisha, ilimfanya yeye mwenye masharubu kuwa hakimu wa watu wote. Aliyekubali kuzaliwa kwa Lucky atake asitake atazika na Ram. Kwa hiyo washikaji wanaosema picha hili linasifu uongo, naomba warudi waitazame sehemu hiyo. Linauchunguza uongo na kuufuatilia mpaka kwa anayeutaka.

Hili la sufuria nalijua kwa ushahidi wa mwili wangu, kwa hiyo niruhusuni niseme habari zangu kidogo kabla sijaingia kwenye mashitaka.

Nilipomaliza kidato cha nne, baba mdogo ambaye ndiye ananilea alinitafutia kazi katika duka moja la vifaa vya ujenzi Kariakoo. Sitalitaja. Alimwambia mwenye duka, "Kijana wangu huyu hana mambo mengi." Nikaulizwa, ukitoka kazini unafanya nini? Nikajibu kwamba nasoma vitabu vya uhasibu. Bosi akafurahi. Kabla yangu, alinieleza, alikuwa na kijana anayeimba imba, akamfukuza, maana wasanii hawana akili ya kazi. Na mjini kwetu neno "usanii" mnajua limeshakuwa na maana gani. Ukimwambia mtu "acha usanii" unamwambia aache utapeli. Nikameza mate nikanyamaza. Riwaya yangu ilikuwa na sura sita wakati ule, ipo kwenye begi miguuni pangu.

Riwaya ile niliiendeleza dukani, saa za mchana ambapo wateja ni haba, kwenye kurasa za nyuma za daftari la stoo. Upande wa mbele saruji, nondo, misumari. Upande wa nyuma wahusika. Mmoja wao ni mama lishe wa Mbagala anaitwa Mwanaidi, ambaye katika hadithi anadaiwa shilingi 38,000 na kikundi cha mikopo. Ili nisisahau nikaandika: Mwanaidi, Mbagala, deni 38,000.

Siku bosi alipolifungua daftari kwa nyuma, damu ilinishuka miguuni. "Huyu Mwanaidi ni nani? Umemkopesha mali yangu?"

Ningeweza kusema kweli. Maneno yalikuwa mdomoni: ni mtu wa kubuni, bosi, naandika kitabu. Badala yake nilijisikia nikisema, "Ni mteja wetu, bosi. Atalipa mwisho wa mwezi." Akasema asipolipa nitakatwa mimi. Mwisho wa mwezi nikatoa 15,000 kwenye mshahara wangu nikampelekea: Mwanaidi ameleta. Mwezi uliofuata 13,000: Mwanaidi ameleta. Mwezi wa tatu 10,000, deni likaisha. Miezi hiyo mitatu jioni nyingi nilikuwa natembea kwa miguu kutoka Kariakoo mpaka Tandika, na mama mdogo akiniuliza nachelewa wapi nasema kuna masomo ya jioni. Bosi akatokea kumpenda Mwanaidi. "Huyo mama mwaminifu," akasema. "Akitaka hata bati, mkopeshe. Tena siku akija nataka nimwone."

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa mliosoma buku-kipingi. Stoo haikuwa imepungua hata msumari mmoja. Kama Mwanaidi alikopa, mali gani ilitoka? Na kama hakukopa, ile 38,000 iliyoingia kwenye droo ilitoka wapi? Bosi wangu anajua bei ya kila kitu dukani mwake. Hakuuliza. Sufuria ilikuwa imezaa.

Nilipoitazama Gol Maal mara ya tatu nilielewa kwa nini nilikuwa nimeacha kucheka. Na nilielewa pia kosa la picha lile. Hapo ndipo naingia kwenye mashitaka.

Ram ni mhasibu. Mhasibu anajua kwamba kila kiingiacho upande mmoja wa leja lazima kionekane upande wa pili, na mwisho wa yote unafanya urari, pande mbili zilingane. Picha hili halina urari. Upande wa mapato wa Ram umejaa: mshahara wa Ram, malipo ya Lucky, mapenzi ya Urmila, mwisho harusi. Upande wa matumizi ni mweupe. Amepoteza masharubu, nayo yanaota tena. Ratna, mdogo wake, amegeuzwa shahidi wa uongo nyumbani kwao wenyewe, ameandaa chai za kumpokea bosi huku moyo ukimdunda, na hakuna sehemu anayoulizwa kama alikubali. Mama yao halisi, aliyefariki, jina lake limetumiwa kuombea ruhusa ya kwenda kutazama mpira, na baadaye nafasi yake ikachukuliwa na mama wa kuazima. Natamani pangekuwa na sekunde 10 tu ambazo Ram anakaa kimya akalifikiria hilo. Hazipo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mukherjee kairefusha, sawa, ni haki ya msanii, lakini kaitandikia na zulia.

Nawalinganishia na kazi yake mwenyewe ya mwaka 1975, Chupke Chupke. Humo profesa wa mimea anajifanya dereva ili amtanie shemeji wa mkewe anayejiona anajua kila kitu. Pale kutokuwepo kwa gharama hakunisumbui hata kidogo, kwa sababu mle ni mchezo wa watu walioshiba. Utani ukiisha profesa anabaki profesa. Ram si profesa. Akikamatwa wiki ya kwanza, mdogo wake anakosa chakula. Ukishamweka mhusika kwenye njaa ya kweli mwanzoni mwa hadithi, huwezi kumaliza kana kwamba njaa ile ilikuwa pambo.

Na kuna shitaka kubwa zaidi. Rudini kwenye ile siku ya intavyuu. Ram hakuwa peke yake. Walikuwepo vijana wengine waliokuja kuomba nafasi ileile. Mmoja kavaa shati lake la maua analolipenda, mwingine anajulikana kwa michezo, mwingine kafupisha jina lake kama rafiki zake wanavyomwita. Walikuja jinsi walivyo. Bhavani Shankar aliwatoa mmoja mmoja na sisi tukacheka, mimi mwenyewe nilicheka, kisha picha likawasahau. Hao ndio waliosema kweli! Walirudi nyumbani na vyeti vyao mkononi. Hadithi ikawa ya yule aliyejua kuzuga, nao hawakurudi hata kwenye harusi.

Najua mtanijibu: mwisho wa picha, familia inapopiga picha ya pamoja, Bhavani Shankar anaonekana amenyoa masharubu. Ndiyo, na ni kichekesho kitamu, pengine kitamu kuliko vyote, maana ghafla unajiuliza kama masharubu ya bandia yalikuwa ya Ram au ya bosi. Nakubali. Lakini kunyoa ni jambo la kinyozi. Mimi nilitaka kuona Jumatatu asubuhi ofisini. Akija kijana mwenye shati la maua na gongo la mpira begani, akasema jina lake kwa kifupi, je, ataambiwa akae? Picha linakatika kabla ya Jumatatu. Labda ndiyo maana limekuwa likiigizwa upya tena na tena. Watamil walilitengeneza mwaka 1981 kwa jina la Thillu Mullu, akicheza Rajinikanth, na mwaka 2012 likazaa Bol Bachchan. Jumatatu haijafika bado, na kila kizazi kina Bhavani Shankar wake.

Kwa sisi tunaojifunza kuandika, naomba tubebe mambo mawili kutoka humo. La kwanza ni ufundi. Kila uongo wa Ram unazaliwa na uongo uliotangulia. Mama mgonjwa ndiye aliyezaa safari ya uwanjani, uwanja ukamzaa Lucky, Lucky akazaa mapenzi na Urmila, mama mgonjwa tena akamzaa Bibi Srivastava, naye akazaa pacha. Hakuna kinachodondoka kutoka angani. Hadithi zetu nyingi, na ya kwangu ikiwemo, tukikwama tunaleta ajali ya gari. Hata majina yamepangwa: katika Ramayana, Ram na Lakshman ni ndugu, na Urmila ni mke wa Lakshman. Mhindi aliyeketi ukumbini alijua tangu mwanzo binti atakwenda kwa nani, na bado alicheka. La pili ni lile walilolikosa: tukimwandika mtu wa kawaida mwenye sura mbili, tuandike na nani analipa. Tusiogope kwamba kicheko kitakufa. Kile kisa changu cha Mwanaidi, kila ninayemsimulia anacheka, na ile 38,000 niliilipa kwelikweli.

Nilipomrudishia mzee flashi yake aliniuliza, "Haya, mwongo ni nani?" Nikamwambia wapo wawili, mmoja alisema uongo na mwingine aliuagiza, ila aliyelipwa mshahara ni mmoja na aliyesamehewa ni wote. Akacheka, akasema hiyo ni hesabu ya mtu aliyeachishwa kazi. Nikamwambia bado, lakini huenda karibu.

Maana mhariri wa jarida hili aliniuliza kama ningependa kutumia jina la kubuni, nami nimekataa. Bosi wangu si msomaji wa majarida. Baba mdogo ni msomaji, husoma hata karatasi iliyofungiwa vitumbua. Kwa hiyo kabla hamjasoma haya nyinyi, nilikwenda kwa baba mdogo, nikaketi, nikamwambia: baba, hakuna masomo ya jioni, hakuna vitabu vya uhasibu, kuna riwaya, ina sura kumi na moja sasa. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu: "Na huyo Mwanaidi anayesifiwa na bosi wako kila nikipita dukani?"

Nikamwonyesha sura ya nne. Aliichukua akaenda nayo chumbani, na mpaka ninapoandika haya hajairudisha. Dukani bado sijasema. Nimejipangia Jumatatu.

Naomba kutoa hoja. Wenye kupinga, kurasa ziko wazi.